Mabao Yanayoishia Angani

Lori la saruji lililonibeba kutoka Kapenguria liliniacha Lodwar mchana wa Alhamisi, simu yangu ikiwa imezimika na ulimi umenata kwa vumbi. Nimeingia miji mingi isiyonijua kwa namna hiyo, na siku hizi sianzi kwa kutafuta mahali pa kulala. Natafuta pa kuchajia simu. Watu wanaosubiri simu zao hawana cha kutazama, kwa hiyo hutazamana, na wakishatazamana sana huanza kuongea.

Kibanda nilichoelekezwa kilikuwa cha mabati, na juu ya paa paneli mbili za sola zimefungwa kwa waya. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyojaa simu, na nyuma ya meza mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hedifoni masikioni, macho kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni.

"Ejok," nilisema, neno pekee la Kiturkana nililokuwa nalo.

"Ejok-nooi. Hiyo vumbi yote umetoka nayo wapi?"

Alichukua simu yangu, akaipa waya, akarudi kwenye kompyuta. Nilisogea kuchungulia. Kulikuwa na uwanja wa mchanga, vijana wa jezi nyekundu wakikimbiza mpira, mpigaji akijiandaa. Kisha ghafla picha ikaruka, na kilichobaki ni anga jeupe la mchana na sauti za watu wakipiga kelele. Alifungua klipu nyingine. Mpira uleule, kutoka pembe nyingine. Anga. Ya tatu nayo, anga.

"Hiki ni nini?" niliuliza.

"Bao."

"Mbona naona mawingu?"

Mwanamume aliyekuwa ameketi kwenye kreti ya soda alicheka hadi akakohoa. Huyu ndiye Ewoi, dereva wa pikapu inayopeleka bidhaa Kakuma. "Akidor, mgeni anataka kuonyeshwa," alimwambia mwenye kibanda. Akasimama, akashika simu yake kama anayepiga picha, akajifanya anautazama mpira unakwenda, unakwenda, unaingia. Mikono yake yote miwili ikaruka juu, imepinda kama pembe, na akataja rangi ya ng'ombe wake kwa sauti iliyowaamsha waliosinzia. Uso wa simu ulikuwa umetazama bati la paa.

"Umeona?" akaniuliza, bado pembe ziko juu. "Ng'ombe yangu ni ya pembe wazi. Sasa niambie, hiyo bao nitapiga picha na nini, na meno?"

Mwanamume wa Kiturkana ana ng'ombe wake mmoja ambaye jina lake ni kama jina lake mwenyewe. Humwimba. Akifurahi kupita kiasi, mikono huchukua umbo la pembe za huyo ng'ombe, na haiombi ruhusa kwa mwenye mikono. Wakimbizi wa Kidinka kule Kakuma wana desturi iyo hiyo. Ndiyo maana mechi ikichezwa kati ya Lodwar na Kakuma, simu mia zinaufuata mpira kwa uaminifu wote mpaka pale unapoingia golini, halafu simu mia zinapiga picha mbinguni.

Akidor Ethuro alikuwa amefanya kazi ya kukusanya klipu hizo kwa misimu minne. Hakuna kamera ya televisheni inayofika huku kwa mpira wa mchangani. Nimekaa katika viwanja vya miji mikubwa ambako kamera zimepangwa kila upande na bado kila mshabiki ameinua simu yake, na hakuna anayeiuliza ile simu iliona nini. Huku hali ni kinyume. Filimbi ya mwisho ikilia, mchezo wote umo mifukoni mwa watu, vipande vipande, na watu hao betri zimewaishia. Wanakuja kwa Akidor. Wakati simu inachaji, yeye anaomba klipu. Anavaa hedifoni, anatafuta filimbi ya refa katika kila moja, kwa sababu filimbi ni ileile hata macho yakiwa tofauti, na kwa filimbi hizo anaviunganisha vipande mpaka mchezo unarudi. Nusu ya uwanja iliyo upande wa jua huonekana kwa mbali tu, maana watu wote husimama palipo na kivuli. Mama wa mchezaji humpiga picha mwanawe hata kama mpira uko kwingine. Hayo yote amezoea kuyaziba. Mabao ndiyo yamemshinda.

"Nyingine sijali," aliniambia. "Naandika tu pale: bao. Watu wanajua. Lakini hii moja naitaka."

Bao hilo moja lilifungwa mwaka jana katika fainali iliyochezwa Kakuma. Lodwar walishinda kwa hilo peke yake. Mfungaji alikuwa Lokaale, mdogo wake Akidor. Mvua za Aprili zilipokuja, Lokaale alijaribu kuvuka laga, mto wa msimu usiojulikana kina chake, akiwa amebeba viatu vyake vya mpira begani, na maji yakamchukua.

Ewoi aliacha kucheka Akidor alipofika hapo. Alitazama nje.

Baba yao, mzee Ethuro, anachunga Lopur, karibu na Kakuma. Lokaale alipokuwa mdogo alipewa na baba yake ndama mweusi mwenye kiuno cheupe. Alimlea akawa maksai, na pembe yake ya kulia akaiinamisha mwenyewe, akiigonga kidogo kidogo kwa jiwe na kuifunga kwa kamba, miezi kwa miezi, mpaka ikashuka mbele ya jicho huku ya kushoto ikisimama wima. Halafu mpira ukamwita. Siku alipoondoka, mzee alimwambia kwamba anamwacha ng'ombe wake, na mtu anayemwacha ng'ombe wake asirudi kumtafuta. Hawakusemezana tena.

"Sasa watu wote waliokuwa Kakuma siku ile wanasema alipofunga alionyesha pembe zake," Akidor alisema. "Kushoto juu, kulia mbele ya jicho. Nimemwambia Apa, baba yetu. Amekataa. Anasema watu humwambia mfiwa kile anachopenda kusikia."

"Na wewe uliona?"

"Mimi nilikuwa nimeinua mikono kama wajinga wengine."

Mzee Ethuro alikuwa ametuma habari kwamba Jumamosi atampeleka yule maksai kwenye mnada wa mifugo wa Kakuma. Kama mwenyewe aliacha kumwimba, alisema, basi ile ni nyama kama nyama nyingine. Habari hiyo ilimfikia Akidor siku mbili kabla yangu, na tangu hapo hakufungua kitu kingine kwenye kompyuta ile.

"Nimemwambia atafute mtu ambaye hakufurahi," Ewoi alisema.

"Na mimi nikakwambia hilo nilikuwa nimeshalifikiria." Akidor alinigeukia. "Ni walioshindwa tu mikono yao ilibaki chini. Nimewauliza wa Kakuma wote ninaowajua. Wamefuta. Mmoja amenijibu, dada, nani anaweka aibu yake kwenye simu?"

"Wote?"

"Kuna mama mmoja bado sijamfikia. Wanasema huwa hapigi picha mpira. Anampiga kipa."

*

Ijumaa asubuhi tuliondoka na pikapu ya Ewoi, sisi watatu mbele na magunia ya vitunguu nyuma. Akidor alishika mkoba wa kompyuta mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Mara moja tu aliuliza, bila kumtazama mtu, kama mkono ukiinuka kwa furaha unaweza kukosea ng'ombe. Ewoi alisema wake haujawahi kukosea, hata akiwa amelewa.

Tulimpata mama huyo, Amou, ambaye watu humwita Mama Gai kwa jina la mwanawe, mbele ya nyumba yake ndani ya kambi, ameketi kwenye mkeka, akishona maua kwenye shuka jeupe. Wanawake wa Sudan Kusini huyashona mashuka hayo kwa uvumilivu unaonifanya nione haya kwa haraka zangu. Nilimsalimu kwa Kiarabu cha Juba, ambacho nilikiokota miaka iliyopita kwenye mitaa ya huko. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mwingine kutua mzigo.

"Karibu. Huyu mama ni wa Lodwar," alisema akimwangalia Akidor. "Mlitufunga."

"Mara moja tu, Mama Gai."

"Mara moja inatosha. Mdogo wangu hakula kwa siku mbili."

Mdogo wake huyo, Awan, ndiye alikuwa kipa wa Kakuma siku ya fainali. Amou alimlea tangu walipovuka mpaka, yeye akiwa msichana na Awan akiwa mtoto wa kubebwa. Baada ya fainali Awan alipata safari ya kwenda kuishi Kanada, na kila mara akipiga simu kutoka huko kwenye baridi humwambia dada yake neno lilelile: futa ile video. Amou humjibu kwamba amefuta.

Akidor alieleza alichokuja kutafuta. Alieleza vizuri, bila kulia: Lokaale, laga, mzee, maksai, mnada wa kesho. Amou aliweka sindano chini. Akidor alipofika kwenye pembe, Amou aliinua mkono wake wa kulia, akauinamisha mbele ya uso, akauliza, "Hivi?"

"Hivyohivyo."

"Baba yetu alikuwa na ng'ombe ya hivyo," Amou alisema. Akaingia ndani kuleta simu.

Klipu ilipigwa kutoka nyuma ya goli. Mwanzo hadi mwisho ni mgongo wa Awan, mrefu, jezi ya kijani imejaa jasho, na sauti ya Amou ikimsemesha kwa Kidinka bila kupumzika.

"Unamwambia nini?" niliuliza.

"Asitoke golini."

Kwenye video Awan alitoka golini. Amou aliguna kama mtu anayeona jambo hilo kwa mara ya kwanza. Awan aliteleza, mpira ukapita chini ya kiwiliwili chake, ukaingia. Sauti ya Amou ilikatika. Simu haikwenda popote. Ilibaki palepale, imemkazia macho mtu aliyelala kifudifudi mchangani, na ndani ya picha hiyo, kutoka kulia, akaingia Lokaale anakimbia. Mkono wake wa kushoto ulikwenda juu, umenyooka. Wa kulia ukaanza kupinda mbele ya uso wake. Halafu ukashuka. Ulishuka mpaka kwa Awan, ukamshika kiganja, ukamwinua, wa kushoto ukiwa bado juu. Kisha mwenzake mmoja akamrukia Lokaale mgongoni, picha ikajaa jezi nyekundu, ikaisha.

Akidor aliirudisha. Akaitazama tena, na tena. Mara ya nne au ya tano aliisimamisha kwa kidole, pale ambapo mkono wa kulia umepinda mbele ya uso na haujaanza kushuka.

"Hapa," alisema. "Hapa ni pembe."

Ilikuwa pembe kabisa. Ewoi alipiga ulimi kwa kukubali. Lakini video ikiachwa iendelee, ilikuwa kijana anayemwinua mwenzake, na mtu yeyote asiyejua habari za ng'ombe angesema hakuna zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe sikujua niliona nini. Bado sijui.

"Nakupa," Amou alisema. "Lakini haikatwi."

"Mama Gai, nikiisimamisha hapa tu..."

"Haikatwi. Unapotaka kukata ndipo mdogo wangu anainuliwa. Ukikata hapo utakuwa umemwacha chini. Na huko chini amekaa vya kutosha."

Kuku alipita kwenye mkeka, Amou akamfukuza kwa ncha ya shuka.

"Apa anajua pembe kuliko watu," Akidor alisema mwishowe. "Ataona kwamba mkono huu haukumaliza."

"Basi aone," Amou alisema, akampa simu.

*

Jumamosi asubuhi nilimkuta Akidor uani mwa nyumba ya wageni tulikolala, kompyuta mapajani, chai yake imepoa na kufanya utando. Aliponiona hakuificha.

"Nimeikata," alisema. "Nilitaka tu nione ikoje."

Akanionyesha. Ilikuwa fupi na safi. Mpira, bao, Lokaale, kushoto juu, kulia mbele ya jicho, mwisho. Kama ningekuwa sijaona nyingine ningeapa kwa hiyo.

"Nzuri," nilisema.

"Nzuri sana. Inaishia palepale ninapotaka." Aliicheza tena. "Unajua mchungaji akisimuliwa habari huuliza nini? Huuliza, halafu? Unamwambia mvua imenyesha Kalobeyei, anakuuliza, halafu? Unamwambia fulani amepata mtoto, halafu? Apa atatazama hii, atanigeukia, ataniuliza, halafu? Na mimi nitamwambia nini?"

Alikaa na kidole juu ya kitufe kwa muda. Kisha akaifuta ile fupi, akafunga kompyuta, na akainywa chai na utando wake.

Mnada ulikuwa umeshachangamka tulipofika. Mzee Ethuro alikuwa ameketi kando kwenye kile kiti kidogo cha mbao ambacho wazee wa Kiturkana hawakiachi nyumbani, kamba ya maksai imezungushwa kwenye kiganja. Mnyama mwenyewe alikuwa mkubwa, mweusi, kiuno cheupe kama amevishwa kitambaa, na ile pembe ya kulia ilishuka mbele ya jicho lake kwa mpindo ambao hata mimi, mtu wa barabarani, niliona kwamba kuna mtu aliupenda. Mchuuzi mmoja aitwaye Erupe alikuwa akimzunguka, akimbonyeza mbavu.

"Mzee, tuamue," Erupe alikuwa akisema. "Ng'ombe inazeeka tukiongea."

"Na wewe pia," mzee alimjibu.

Akidor alimsalimu baba yake, akachuchumaa kando ya kiti. Waliongea Kiturkana, Ewoi alinitafsiria sikioni. Alimwambia baba yake kwamba amepata picha, kwamba ameipata kwa mama wa Kidinka, na kwamba haijaguswa. Mzee alinyoosha kiganja, akapokea simu, akaizibia jua kwa mkono wake mwingine.

Alitazama hadi mwisho. Akairudisha kwa bintiye aianzishe upya, akatazama tena.

"Huyu aliyelala ni nani?"

"Kipa wao, Apa."

"Aliumia?"

"Hapana. Aliona aibu."

Mzee alitazama mara ya tatu. Erupe alijisogeza, akachungulia juu ya bega lake, akasema kwa Kiswahili ili tusikie wote, "Kwani leo tunauziana ng'ombe au tunatazama mpira?"

Mzee Ethuro aliiweka simu kwenye paja. Akaweka fimbo chini. Akiwa ameketi vilevile, aliinua mkono wa kushoto, umenyooka, kisha polepole akaupindisha wa kulia mbele ya jicho lake. Alikaa hivyo, kamba ya maksai imening'inia kwenye kiganja chake. Halafu akautazama mkono wa kulia, akaushusha kidogo, akaushusha tena, mpaka ukafika pale ulipofika wa Lokaale.

"Wa kulia uko chini sana," alisema.

Nilimwona Akidor akifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo; nilikuwa nimemsikia akiyapanga njia nzima. Hakuyasema.

"Ndiyo, Apa," alisema.

Maksai alipumua, akakung'uta nzi.

"Mkono huo ulikuwa na kazi," mzee alisema.

Aliokota fimbo, akasimama, akachukua kiti chake. Erupe alianza kusema jambo kuhusu bei, akiongeza sauti. Mzee alimgeukia kwa upole kabisa. "Tafuta mbuzi leo," alimwambia. "Mbuzi hawana maneno." Waliokuwa karibu walicheka, na Erupe naye akacheka, akashika kiuno, akasema huyu mzee amemchosha tangu alfajiri kwa ajili ya video ya kijana anayepunga mkono.

"Siyo kupunga," Ewoi alimwambia.

"Ni nini basi?"

"Kanunue mbuzi, wewe."

Kutoka mnadani hadi Lopur ni mwendo wa miguu kwa anayeenda na ng'ombe asiyeharakishwa. Akidor alimkabidhi Ewoi mkoba wa kompyuta na ufunguo wa kibanda, akamwambia wenye simu watulie mpaka arudi, na asithubutu kukaa kwenye kiti chake. Ewoi aliuliza atarudi lini. Alisema hajui, Apa ana mengi ya kuuliza. Alinipa mkono, akaniambia nikifika nchi yoyote yenye mpira niwatazame mashabiki mikono.

Wakaanza kuondoka, mzee mbele na kamba, maksai katikati, Akidor nyuma na fimbo aliyoiazima. Hawajafika mbali mzee alianza kuimba, si kwa sauti ya kuwafikia watu, ila maksai alisikia, maana sikio lake lililo chini ya ile pembe liligeuka. Mimi ningelala Kakuma mpaka nipate lori la kwenda mbele. Nilikuwa bado nimesimama pale, jua limenikalia kichwani, Akidor alipogeuka na kuweka kiganja mdomoni.

"Mwambie Mama Gai sikukata!" alipaza sauti.

Niliinua mkono kumjibu, akageuka akamfuata ng'ombe.